Kabla Hujafilisiwa: Namna ya Kuitumia Sheria ya Ufilisi Nchini Kenya

Shangazi yangu aliniita kwake Likoni Jumapili moja alasiri, nami nilipofika nikakuta amekwisha kutandaza karatasi zake mkekani. Shangazi anauza leso na madera. Kwa miaka mingi alikopa kila inapokaribia Idi, akajaza duka, akauza, akalipa. Safari hii mzigo ulikaa. Kodi ya duka ikalala miezi mitatu, naye akawa anakopa huku kulipa kule. Akanisogezea barua yenye muhuri wa wakili, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa niende mahakamani nikatangazwe nimefilisika, haya yote yaishe. Ni kweli?"

"Ni kweli nusu, shangazi," nikamwambia. "Hiyo nusu nyingine ndiyo ya kuogopwa, tuanze nayo."

Tulikaa mpaka isha. Mengi ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyapitia jioni ile. Nayaandika kwa kuwa watu wengi huanza kuuliza habari za ufilisi siku ambayo dalali ameshaandika orodha ya viti na friji, na siku hiyo njia nyingi zimeshafungwa.

Kikwazo cha kwanza ni neno lenyewe. Sisi tumezoea kusema mtu "amefilisiwa": kaja dalali, kabeba, kaenda. Hata asili ya neno ni hiyo hiyo, Kiarabu cha mufilisi na fulusi, mtu ambaye fedha imemwishia akabakiwa na visarafu vya shaba. Ni msiba unaomwangukia mtu. Lakini katika Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, kufilisika ni hali ya kisheria ambayo mdaiwa mwenyewe anaweza kuiomba, na ina mwisho. Sheria ya zamani, Sura ya 53, ilimwacha mtu akiwa mufilisi mpaka mahakama yenyewe imwachilie. Hii ya sasa inasema mufilisi anaachiliwa bila ya kuomba baada ya miaka mitatu, mradi pasiwe na pingamizi la msimamizi wa mali au la mdai. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niitetee sheria hii hata mbele ya watu wanaoiona ni ya aibu. Deni la shailoki, yule mkopeshaji wa riba wa mtaani, halina tarehe ya kwisha.

(Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam aniwie radhi: kwenu inatumika sheria nyingine, Sura ya 25, na tarakimu zangu zisichukuliwe kuwa ni zenu.)

Kazi ya kwanza ni daftari

Kabla ya kwenda kwa wakili, kwa kadhi, kwa chifu au kwa mtu yeyote, chukua daftari la shule upige mistari ya safu nne. Safu ya kwanza andika nani anakudai. Ya pili, anadai kiasi gani, na hapo utenge mtaji na riba, usivichanganye. Ya tatu, umemwekea dhamana gani: hati ya shamba, kitabu cha gari, akiba ya chama. Ya nne, ni nani aliyekudhamini.

Watu huhangaika na safu ya pili peke yake, wakajumlisha, wakalia. Lakini safu ya tatu na ya nne ndizo zitakazoamua kama sheria ya ufilisi inakufaa au itakuharibia.

Daftari la shangazi lilikuwa hivi. SACCO, 180,000, na akiba yake humo ni 70,000. Muuzaji wa jumla wa leso, 130,000. Shailoki, 60,000. Kodi ya duka, 54,000. Mikopo ya simu mitatu, jumla 34,000. Chama cha akina mama, 20,000. Ukijumlisha ni 478,000. Safu ya tatu ilikuwa karibu tupu, maana shangazi hana hati ya ardhi wala gari. Lakini ya nne, penye mstari wa SACCO, alikuwa ameandika majina matatu ya wanawake wenzake wa sokoni.

Nitaanza na dhamana kwa kuwa ni rahisi kueleza. Mwenye kushika dhamana hazuiwi na ufilisi wako. Benki iliyoshika hati ya nyumba yako inaweza kuiuza hata baada ya wewe kutangazwa mufilisi, ila lazima ifuate hatua za Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya miezi mitatu ya kukutaka ulipe, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na dalali naye akupe siku 45 zake. Hatua moja ikirukwa, mahakama inaweza kusimamisha mnada, kwa hivyo tunza kila bahasha na uandike tarehe uliyoipokea. Kama nyumba ni ya ndoa na mwenzako hakuridhia iwekwe rehani, hiyo ni hoja nzito pia. Ikauzwa na bei isilitoshe deni, lile pengo linalobaki ni deni la kawaida lisilo na dhamana, na hapo ndipo ufilisi unaweza kukusaidia.

Ukidaiwa na benki, angalia na jambo hili ambalo wengi hulipita: kwa mujibu wa kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoongezeka tangu hapo haiwezi kuuzidi mtaji uliokuwa umebaki siku ile. Nimeona watu wakilia juu ya deni ambalo theluthi yake haikuwa halali kudaiwa. Omba taarifa kamili ya akaunti, si barua ya jumla, ukae na kikokotoo.

Sasa wadhamini. Nilipofika hapa shangazi alivua miwani. Sheria inamwachilia mufilisi, haimwachilii aliyemdhamini. SACCO ikishindwa kukudai wewe, inawageukia waliotia sahihi, na inakata akiba zao.

"Kwa hivyo mimi nitoke, wao waingie?"

"Ndivyo, shangazi."

Akanyamaza. Mmoja wa wale watatu ndiye aliyemsimamia arusi ya bintiye. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewaona walimu, manesi na askari wakikatwa mishahara kwa deni la mwenzao aliyehama mji. Kama safu yako ya nne ina majina, waambie wenye majina hayo kabla hujaenda popote. Wana haki ya kulisikia kinywani mwako, na mara nyingi wao ndio watakaokwenda nawe SACCO kuomba muda.

Na kama unafanya biashara kwa jina la biashara lililosajiliwa, usidhani jina hilo ni kinga. Jina la biashara ni wewe mwenyewe: deni la duka ni deni la nyumbani. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni kitu kingine, isipokuwa pale ulipoweka sahihi yako binafsi kuidhamini, na mabenki huidai sahihi hiyo karibu kila mara.

Isome karatasi kabla ya kuiogopa

Barua ya shangazi yenye muhuri haikuwa ya mahakama. Ilikuwa barua ya madai ya wakili wa muuzaji wa jumla, ikimpa siku kadhaa alipe. Barua kama hiyo ijibiwe kwa maandishi, useme unachokubali na unachoweza, lakini hakuna dalali anayeweza kubeba kitu kwa barua ya wakili. Samansi ni kitu kingine. Samansi ikikufikia, ijibu ndani ya muda ulioandikwa humo, maana ukinyamaza hukumu itatolewa bila wewe, na kuifuta baadaye ni kazi na gharama.

Dalali naye, akija kwa mali inayohamishika, anatakiwa awe na hati ya mahakama, aandike orodha ya vitu na thamani yake, kisha akupe siku saba za kukomboa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai haimruhusu kugusa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, wala zana za kazi yako. Cherehani ya mshonaji ni zana ya kazi. Randa ya seremala ni zana ya kazi. Lisemwe hilo mlangoni, kwa upole, na liandikwe kwenye orodha yake kabla hujaweka sahihi.

Karatasi ninayotaka uitambue kuliko zote ni hati ya madai ya kisheria chini ya Sheria ya Ufilisi. Ukiitazama juu juu utaidhani ni barua nyingine ya wakili. Sivyo. Hiyo ni hatua ya mdai kuelekea kuomba wewe utangazwe mufilisi, na inakupa siku 21. Ndani ya siku hizo lipa, au fanya mapatano ya maandishi, au nenda Mahakama Kuu uombe ifutwe. Sababu za kufuta zipo: deni lina ubishi wa kweli, au wewe nawe unamdai yeye kiasi kama hicho, au ameshika dhamana inayotosha. Siku 21 zikipita kimya, sheria inakuhesabu kuwa umeshindwa kulipa madeni yako, na mdai anaingia mahakamani na ushahidi mkononi.

Kuna na hofu ya jela. Kenya bado ina kifungo cha madai, na kinaweza kufika miezi sita. Lakini hakianzi na askari mlangoni. Kwanza unaitwa ueleze kwa nini usifungwe, na mahakama yapaswa kuchunguza uwezo wako: kifungo ni cha mwenye nacho anayekataa, si cha asiye nacho. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya ni mwanachama, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Siku hiyo ya kuitwa usikose kwenda. Beba daftari, hati ya mshahara, risiti za hospitali, karo za watoto. Wengi wanaofungwa hufungwa kwa kutofika. Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba mdai ndiye anayegharamia posho ya mdaiwa akiwa ndani, na kutoka jela hakufuti deni. Ndiyo maana wakili mwenye busara wa upande wa pili huwa tayari kuzungumza ukimpelekea pendekezo la maana.

Njia zilizomo ndani ya sheria

Wengi wakisikia ufilisi hudhani ni mlango mmoja. Sheria ya 2015 ina milango kadhaa, na kutangazwa mufilisi ndio wa mwisho.

Mlango mdogo kabisa ni utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Huu haupiti kwa jaji. Maombi hupelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Masharti yake yamebana: usiwe na mali yoyote inayoweza kuuzwa, usiwe umewahi kutangazwa mufilisi wala kupitia utaratibu huu, madeni yako yote yasipungue shilingi 100,000 wala kuzidi 400,000, na hesabu ya mapato yako ionyeshe huna cha kulipa hata kidogo kidogo. Ukikubaliwa, wadai wanaohusika wanasimama, na baada ya miezi 12 unaachiliwa, madeni yanafutika. Kijana aliyefukuzwa kazi, anakaa kwa ndugu, hana kiwanja wala pikipiki, na mikopo ya simu imemfikisha laki mbili: huyu ndiye aliyefikiriwa. Nasikitika kwamba vijana kama hao ndio wasioujua kabisa mlango huu, wakawa wanazima simu na kuhama mtaa.

Shangazi aliutamani, haukumfaa. Hata tukitoa akiba yake ya 70,000 ndani ya SACCO, deni lilibaki 408,000, na pale dukani kuna marobota ya leso ambayo ni mali ya kuuzwa. Nikamkataza asifikirie kuyahamishia kwa dada yake. Nitalirudia hilo.

Mlango wa pili ni amri ya kulipa kwa awamu. Huu ni wa mwenye kipato kidogo cha uhakika na madeni yasiyo na dhamana yasiyovuka kiwango kilichowekwa. Nao pia ni wa Mpokeaji Rasmi. Madeni yanakusanywa pamoja, unapangiwa kiasi cha kulipa, na wadai hawakuandami kila mmoja kwa njia yake wakati unalipa. Kwa mwalimu au mlinzi ambaye mshahara wake unaliwa na mikopo sita, huu ni mlango wa heshima. Kumbuka hapa Sheria ya Ajira ya 2007: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie mkononi. Mwajiri anayekuacha na shilingi mia tano amevunja sheria, hata kama wewe mwenyewe ulitia sahihi.

Wa tatu ni mapatano ya hiari na wadai, na huu hupita Mahakama Kuu. Unapata mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa, mnaandaa pendekezo, mahakama inatoa amri ya muda ya kukukinga, wadai wanaitwa kupiga kura. Likipita, linawafunga hata waliolipinga, ila mwenye dhamana haguswi mpaka aridhie mwenyewe. Ni njia nzuri kwa mfanyabiashara mwenye kitu cha kuokoa. Ina gharama zake, kwa hivyo mwenye deni la laki tano asiikimbilie.

Ndani ya ufilisi wenyewe

Sasa tuseme milango hiyo imeshindikana, nawe unaomba Mahakama Kuu ikutangaze mufilisi. Maombi yako yataambatana na taarifa kamili ya hali yako ya fedha: unachomiliki, unachodaiwa, unachopata, unachotumia. Jaji ataisoma kwa jicho kali. Mahakama zetu zimeshatupa maombi ya watu walioonekana wanakimbilia ufilisi ili kumkwepa mdai mmoja huku wana mshahara mzuri. Uombe kwa sababu huwezi, si kwa sababu hutaki.

Amri ikitoka, mali yako yote inahamia mikononi mwa msimamizi wa mali, ambaye anaweza kuwa Mpokeaji Rasmi mwenyewe. Unaruhusiwa kubaki na zana za lazima za kazi na vyombo vya nyumbani kwa thamani iliyowekwa na kanuni. Wadai wa kawaida hawawezi tena kukushtaki wala kuendelea kukazia hukumu zao. Wanapeleka madai yao kwa msimamizi, wagawane kitakachopatikana. Simu za vitisho zinakosa nguvu. Watu waliopita huku husema kwamba usingizi wa kwanza wa maana waliupata wiki hiyo, nami nawaamini.

Lakini bei yake ni kubwa, na uijue yote. Kipato kinachozidi mahitaji yako kinaweza kuchangishwa kwa wadai. Urithi ukikuangukia ndani ya kipindi hicho, unakwenda kwa msimamizi. Hapo Waswahili tuzingatie, maana mali zetu nyingi ni za mirathi isiyogawanywa. Fungu lako katika shamba la marehemu baba ni mali yako hata kama hujalitia mkononi. Huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, na kuendesha biashara kunahitaji idhini. Huwezi kutoka Kenya bila ruhusa ya msimamizi, kwa hivyo anayepanga kwenda kufanya kazi Saudia au Qatar alipime hilo kabla ya kuomba. Kwa Katiba ya 2010 huwezi kugombea ubunge mpaka uachiliwe. Jina lako linatangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali na kuingizwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Kwa mji mdogo kama wetu, ambapo habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe, jiandae kwa hilo: mweleze mumeo au mkeo, waeleze wazazi, kabla hawajasikia barazani.

Na kuna madeni yasiyofutika. Deni ulilolipata kwa udanganyifu linabaki. Amri ya matunzo ya mtoto au ya mwenzi inabaki. Aliyekula fedha za wenzake za chama asidhani atajificha humu.

Jambo dogo lenye uzito: ile miaka mitatu haihesabiwi tangu siku ya amri. Inahesabiwa tangu siku ulipowasilisha taarifa ya hali yako ya fedha. Mtu aliyetangazwa mufilisi na mdai wake, akakasirika, akakaa mwaka mzima bila kuiwasilisha, amejiongezea mwaka mzima. Ipeleke mapema, ipeleke ikiwa kamili, na uombe nakala iliyogongwa muhuri.

Makosa yanayoharibu

Narudi kwa lile la kumhamishia dada marobota. Mkono wa kwanza wa mtu anayezama ni kumwandikia ndugu kiwanja, kumpa shemeji gari "alishike". Sheria inampa msimamizi uwezo wa kurudi nyuma na kuomba mahakama ibatilishe zawadi na mauzo ya bei ya kutupa yaliyofanywa kabla ya ufilisi. Kiwanja kitarudi, na wewe utaonekana mdanganyifu, utawapa wadai sababu ya kupinga kuachiliwa kwako, na unaweza kushtakiwa. Nduguyo naye utakuwa umemtia kwenye kesi isiyomhusu.

Kosa lingine ni kumlipa anayepiga kelele. Shailoki anakuja mlangoni, anatukana mbele ya watoto, basi anapewa pesa ya kodi ya nyumba. Malipo ya upendeleo kwa mdai mmoja, wakati umeshazama, nayo yanaweza kubatilishwa. Na zaidi ya sheria, ni hesabu mbaya: mwenye nyumba anaweza kukutoa, SACCO inaweza kuwakata wadhamini wako, shailoki ana mdomo tu.

Kuhusu mikopo ya simu, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa watoaji mikopo ya kidijitali zinawakataza kukutisha, kukutukana, au kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo, piga picha ujumbe, andika saa na namba, lalamika Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni utaendelea kudaiwa, lakini aibu si njia halali ya kulidai. Chukua pia ripoti yako ya CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo, maana una haki ya moja bila malipo kila mwaka, uilinganishe na daftari. Nilikuta kwa shangazi mkopo mmoja wa simu aliokwisha kuulipa bado unasomeka kuwa haujalipwa.

Kosa la mwisho ni kutoa akiba ya uzeeni kulipa mikopo. Michango iliyomo katika mfuko wa pensheni imekingwa na sheria ya mafao ya kustaafu, wadai hawaifikii. Wapo wanaoacha kazi makusudi ili waitoe, wakamlipa shailoki. Iache ilipo.

Tulipofika mwisho wa daftari, shangazi hakuhitaji kuwa mufilisi, na nilimwambia hivyo. Madeni yake hayakuwa makubwa kuliko uwezo wake, yalikuwa yamekuja siku moja. Tukaandika barua mbili pale pale. Moja kwa wakili wa muuzaji wa jumla: deni linakubaliwa, marobota kumi na mawili yasiyofunguliwa yarudishwe kwa bei ya ununuzi, linalobaki lilipwe kwa miezi minane. Nyingine kwa mwenye duka, ya kuomba kodi iliyolala igawanywe juu ya kodi ya kila mwezi. Shailoki akapangiwa nyuma ya wote. Kama muuzaji wa jumla angekataa na kuleta ile hati ya siku 21, tulikubaliana twende na daftari lile lile kwa Mpokeaji Rasmi kuulizia amri ya awamu, tusingoje siku ya ishirini.

Ikabaki SACCO. Barua yake hakutaka niiandike mimi. Alichukua kalamu nyekundu ya mjukuu wake, akayazungushia mviringo yale majina matatu ya safu ya nne, akaniomba nimsomee namba ya wa kwanza taratibu, kwa kuwa miwani alikuwa ameiweka mbali. Simu ikaita mara mbili. "Shoga," akasema ilipopokewa, "upo nyumbani? Nataka kuja, nina neno, na nataka ulisikie kwangu."